Hifadhi ya jamii: ndovu ni wa serikali, shamba je?

Ukipita mbele ya ofisi za kuuza safari hapa Mombasa, iwe Nyali au kule Bamburi karibu na mahoteli, utaona mabango ya ndovu wekundu wa Tsavo, na chini yake maneno kwamba safari hii inasaidia wanyama na wenyeji. Kwetu sisi neno safari halina ndovu ndani yake. Anayekwenda Lamu mazikoni yuko safarini, na aliyepanda matatu ya Malindi vilevile. Wageni walilichukua neno letu wakalifinya likabaki na maana ya kwenda kutazama wanyama, na sasa limerudi na mkia: safari ya kusaidia jamii. Huo mkia ndio ninaotaka kuueleza, kwa sababu nyuma yake ipo dhana ambayo watu wengi wa pwani huisikia redioni wakadhani ni jina jingine la mbuga. Dhana yenyewe ni hifadhi ya jamii.

Hifadhi ya jamii ni ardhi ambayo wenyewe wameamua, kwa hiari yao, kuitenga ili wanyamapori waishi humo au wapite, na umiliki ukabaki mikononi mwao. Mbuga ya taifa si hivyo. Tsavo ilipotangazwa kuwa mbuga mwaka 1948, hakuna aliyewauliza Waata, ambao uwindaji wa ndovu kwa upinde na mshale wa sumu ndio uliokuwa maisha yao. Walijikuta wahalifu katika pori walilozaliwa, na miaka ya 1950 wengi wakaishia jela. Hadi leo kiingilio cha Tsavo Mashariki na Magharibi hulipwa kwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na cha Masai Mara hukusanywa na kaunti ya Narok. Kwenye hifadhi ya jamii mwenye kupokea ni mwenye shamba, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ndiyo iliyoitambua rasmi hali hiyo nchini Kenya. Wenzetu wa Tanzania wana kitu cha jirani yake wanachokiita jumuiya ya hifadhi ya wanyamapori, ambapo vijiji huungana na kutenga ardhi ya pamoja.

Haja yake inatokana na jambo moja: zaidi ya nusu ya wanyamapori wa Kenya hukadiriwa kuwa nje ya mbuga. Ndovu hasomi ramani. Anafuata maji na njia aliyofundishwa na mamake, na kama njia hiyo siku hizi imepandwa mahindi, basi atapita kwenye mahindi.

Mfano ulio karibu nasi kuliko yote ni Mwaluganje. Vuka feri ya Likoni, shika barabara ya Diani kisha upande Kwale mjini. Huko mbele, kati ya hifadhi ya Shimba Hills na msitu wa Mwaluganje, pana bonde lililokuwa mashamba ya Waduruma na Wadigo. Ndovu walikuwa wakilipita bonde hilo kutoka msitu mmoja hadi mwingine, na mkulima alikuwa akilala kwenye dungu, debe mkononi, akilinda kunde na mahindi mpaka alfajiri. Asiyewahi kulinda shamba usiku hawezi kujua uchovu ule. Mtoto anakwenda shule na usingizi machoni, na bado usiku mmoja wa kupitiwa unatosha kumaliza chakula cha miezi.

Katikati ya miaka ya 1990 wenye mashamba hayo walifikia uamuzi mzito. Waliacha kulima bondeni, wakaunganisha vipande vyao vikawa eneo moja la ndovu, na kila mmoja akawa na hisa kwa kadiri ya ardhi aliyoitoa. Uzio wa umeme uliwekwa kuwakinga majirani walioendelea kulima. Mgeni akilipa kiingilio, fedha zinaingia kwenye mfuko wa wenye hisa na baadaye kugawanywa. Kinyesi cha ndovu nacho kikawa mali, kwani kilitengenezewa karatasi za kuuzia wageni. Mimi nauona uamuzi ule kuwa wa kijasiri kuliko mambo mengi yanayosifiwa katika utalii wa nchi hii, maana waliokubali hawakuwa matajiri wenye ardhi ya ziada. Walikuwa wakulima waliotoa shamba lenyewe.

Hata hivyo ukitazama hesabu yake utaona panapouma. Mgao unatoka getini, kwa hiyo watalii wakipungua mgao nao unapungua, na mkulima hawezi kurudi kulima mahali alipokwishampisha ndovu. Hasara yote anaibeba yeye. Upande wa Mara walichukua njia nyingine. Mara Naboisho, iliyoanzishwa mwaka 2010, inaunganisha ardhi ya Wamaasai zaidi ya 500, ekari zaidi ya 50,000, na wenye kambi za watalii hulipa kodi ya ardhi iliyokubaliwa kwenye mkataba, vitanda vijae visijae. Hapo mwenye biashara ndiye anayebeba sehemu kubwa ya hasara, na ndivyo inavyostahili kwa sababu yeye ndiye mwenye mtaji. Corona ilipofunga viwanja vya ndege mwaka 2020, hata kodi za Mara zilikatwa, na familia zilizozoea kulipwa zikaona jinsi riziki yao ilivyoning'inia kwenye ndege za Ulaya.

Kinachochanganya watu zaidi ni tofauti ya sadaka na haki. Hoteli inayochimba kisima kijijini au kununua madawati imefanya wema, na wema haukatazwi. Lakini hiyo bado si hifadhi ya jamii. Sadaka mtoaji huikata anapotaka, wala huwezi kumshtaki. Kodi ya ardhi inadaiwa. Mwenye shamba anakaa kwenye kikao, ana kura, anaweza kukataa kambi ya pili isijengwe, na mkataba ukiisha anaweza kumwambia mwekezaji kwaheri. Tangazo likisema tu kwamba sehemu ya fedha zako inakwenda kwa jamii, bila kusema jamii ipi wala kwa makubaliano gani, mimi huhesabu kuwa hiyo ni sadaka.

Vilevile si kila kinachoitwa hifadhi ya jamii kimetoka kwa jamii. Mapema mwaka 2025 mahakama iliamua kwamba hifadhi mbili katika kaunti ya Isiolo zilianzishwa kinyume cha sheria, baada ya wakazi kulalamika kwamba ardhi yao ilitumiwa bila wao kushirikishwa ipasavyo. Kwa wafugaji, malisho ya kiangazi ndiyo benki; ukiyafungia mtu bila ridhaa yake umemnyang'anya, hata ukiweka twiga ndani. Halafu kuna wanawake. Palipogawanywa ardhi ya Wamaasai, hati nyingi ziliandikwa majina ya wanaume, na kodi humfuata aliyeandikwa kwenye hati. Mke anayetembea mbali zaidi kutafuta kuni kwa sababu eneo limefungwa huenda asiione hata shilingi.

Fidia ni habari nyingine, ingawa huchanganywa na hii. Sheria ileile ya 2013 iliweka shilingi milioni 5 kwa familia ya aliyeuawa na mnyamapori, lakini malipo hayo yamekuwa yakichelewa kwa miaka. Fidia huja baada ya msiba. Hifadhi ya jamii inakusudiwa kumfanya ndovu awe na faida kwa jirani yake akiwa hai, kabla hajamdhuru mtu.

Wavuvi wetu nao wana namna yao. Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, mwaka 2005 waliamua wenyewe kufunga kipande cha bahari kisivuliwe ili samaki wazaane. Gazi, kusini mwa hapa, wanavijiji hulinda hekta 117 za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, wakauza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko hiyo, na fedha zikaingia kwenye maji na shule. Wanawake wa huko wana daraja lao la mbao la kupitisha wageni katikati ya mikoko. Hakuna simba, lakini mwenyeji ndiye anayeamua.

Kwa hiyo ukiwa unamnunulia mgeni safari, au unajinunulia mwenyewe (na ingefaa watu wa Mombasa tuende zaidi), muulize muuzaji tutalala kwenye ardhi ya nani. Ukielekea Tsavo Magharibi kwa barabara ya Voi hadi Taveta, kwa mfano, utapita LUMO, hifadhi iliyoundwa na ranchi tatu za Wataita, Lualenyi, Mramba na Oza, na jina lake limetokana na majina hayo. Wanyama wanaoingia na kutoka Tsavo hupita humo. Mabasi mengi ya watalii hulipita geti lake bila kusimama, yakikimbilia mbugani, na muuzaji wako akisema hajawahi kulisikia jina hilo, mwombe apige simu aulize bei ya kiingilio chao kabla hujamlipa.