Kamba wa mlio hapasui kioo cha tangi

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unasema ukimweka kamba wa mlio (kamba mdogo wa baharini anayetoa mlio kwa gando lake) na samaki gobi kwenye tangi la maji ya chumvi, atamuua samaki na kupasua kioo. Si kweli. Gando lake kubwa likijifunga kwa kasi hurusha maji, kinatokea kiputo, nacho kikibonyea ndipo unasikia "ta!" Nguvu hiyo huishia sentimita chache. Watu humchanganya na kamba mwingine kabisa, mwenye mikono ya kupiga kama nyundo. Sifa ya kuvunja vioo ni ya huyo.

Kuhakikisha kwamba kamba huyu na gobi huishi pamoja bila kuuana si kazi. Ukizamia kwenye mchanga kando ya matumbawe, kisiwani Mnemba, Zanzibar, kwa mfano, tulia kimya mbele ya shimo. Kamba anatoka akisukuma mchanga, kipapasio kimoja kimemgusa gobi, maana kamba haoni vizuri. Gobi akitikisa mkia kuonya hatari, wote wawili shimoni! Mimi sichoki kuwatazama.

Nakuombeni, ujumbe huo msiupeleke mbele. La kuangalia ni mawe: yakae juu ya sakafu ya tangi, si juu ya mchanga, kwani kamba akichimba chini yake yataporomoka.