Titanic: Dhana potofu kuhusu watu wa chumba cha mashine

"Walikuwa wapiga koleo tu, kazi ya mabavu."

Titanic, meli ya abiria iliyozama mwaka 1912, ilikuwa na boila 29 (mitungi mikubwa ya kuchemshia maji yatoe mvuke) zenye matanuri 159. Makaa ya mawe yakirundikwa mahali pamoja, hewa haipenyi na moto unafifia. Yakiachwa na pengo, hewa baridi inapita bure na kani ya mvuke inashuka. Kila mlango ukifunguliwa joto linapotea, ndiyo maana palikuwa na kifaa cha kengele kilichoonyesha ni zamu ya tanuri lipi kulishwa. Zamu ya mchochea moto ilikuwa ya muda wa saa 4, kisha mapumziko ya muda wa saa 8. Nyuma yake walikuwapo wasomba makaa kwa toroli. Hao nao walipaswa kuangalia wanachota upande upi, la sivyo meli ingelalia upande mmoja.

"Maji ya baharini yalizilipua boila."

Hii imerudiwa mno. Tarehe 1 Septemba 1985, kitu cha kwanza cha Titanic kilichotambuliwa na kamera chini ya bahari kilikuwa boila, nzima.

Hatari ilikuwapo, ila ilidhibitiwa. Injini zikisimama huku matanuri yanawaka, mvuke unakosa pa kwenda na kufumuka kupitia vali za usalama. Maji ndani ya boila nayo yanapungua, na boila kavu juu ya moto ndiyo balaa lenyewe. Frederick Barrett, kiongozi wa wachochea moto, aliieleza tume ya Uingereza iliyochunguza ajali hiyo kwamba alipozitazama boila katika chumba cha boila namba 5 hakuona maji. Wakaitwa watu washuke kuutoa moto: unafungua tanuri, unayakokota makaa mekundu kwa reki ndefu hadi sakafuni, unayamwagia maji. Kazi hiyo ilichukua kama dakika 20, na mvuke ukatanda hadi mtu haoni mbele.

Mhandisi Herbert Harvey naye aliagiza bamba la sakafu liinuliwe ili wafikie vali za pampu. Mhandisi mwenzake, Jonathan Shepherd, akikimbia ndani ya ule mvuke, akatumbukia kwenye tundu hilo na kuvunjika mguu. Wakambeba hadi kwenye chumba cha pampu. Maji yalipovamia kwa kishindo, Harvey alimwamuru Barrett apande ngazi. Barrett aliokoka. Harvey na Shepherd hawakuonekana tena.

"Taa ziliendelea kuwaka zenyewe."

Hakuna umeme bila mvuke. Dinamo kuu, yaani mashine za kuzalisha umeme, zilikuwa 4, kila moja kilowati 400, na mbili ndogo za dharura zilifungwa juu zaidi, mbali na maji. Kwa hiyo boila za mbele zilizimwa, za nyuma zikaachwa na moto, na mtu alilazimika kubaki kuulisha. Bila hivyo mashua za kuokolea watu zingeteremshwa gizani. Taa zilizimika dakika chache tu kabla ya meli kuzama saa 8:20 usiku.

"Milango ya kuzuia maji iliwafungia ndani."

Hapana, palikuwa na ngazi za kutokea. Isitoshe, mafundi waliinua tena baadhi ya milango hiyo kwa mkono ili wapitishe bomba la kufyonzea maji hadi chumba cha boila namba 4.

"Wahandisi wote walifia kwenye mashine zao."

Ni picha ya heshima, lakini si kamili. Frederick Scott, mfanyakazi wa kupaka mashine grisi aliyeokoka, alitoa ushahidi kwamba mwishoni aliwaona wahandisi wanane wamesimama kwenye sitaha ya mashua, karibu na kreni. Walikuwa wamepanda, ila kwa kuchelewa: mashua zilikuwa zimeshaondoka. Mhandisi mkuu Joseph Bell na wenzake wote walikufa. Katika watu 325 wa idara nzima ya mashine, waliookoka ni 72.