Mbu wa barazani huzaliwa chooni

Katika kazi yangu ya afya ya mazingira hapa Mtwara, kila msimu wa mvua huulizwa ni mmea gani upandwe kando ya baraza ili watu waweze kuzungumza baada ya magharibi bila kujipigapiga miguuni. Wengi huwa wamekwisha kupanda kivumbasi na mchaichai, na wanashangaa kuona mbu ni wale wale. Harufu ya kivumbasi inayomsumbua mbu hutoka zaidi jani linapopondwa au kufukizwa. Mmea uliosimama tu ndani ya ndoo hautoshi kuwa kinga.

Mimi huanza kwa kuomba nioneshwe choo. Mbu wengi wanaotung'ata mijini usiku ni kuleksi, ambaye hutaga mayai juu ya maji machafu ya shimo la choo, ya karo la bafuni au ya chemba iliyopasuka mfuniko, naye ndiye mwenezaji mkuu wa matende na mabusha katika miji yetu ya pwani. Huko Mikindani niliwahi kufika kwenye nyumba yenye ua uliofagiwa vizuri sana, nikafunua chemba iliyokuwa hatua chache tu kutoka mkeka wa baraza, na mbu waliofumuka humo walimfanya mama mwenye nyumba ajifunike uso kwa kanga.

Ufa wa mfuniko uzibwe kwa saruji, na bomba la hewa la choo lifungwe wavu mdogo juu. Kwa shimo lenye maji lisilofurika ipo njia ninayoipenda mno, iliyojaribiwa Makunduchi, Unguja, mwishoni mwa miaka ya 1980: punje za povu jeupe la polistireni humwagwa zikatanda juu ya maji, na viluwiluwi, ambao lazima wafike juu ili wapumue, hufa kwa kukosa hewa. Punje hizo haziozi, hivyo hukaa kwa miaka. Ipo pia dawa yenye bakteria wanaoua viluwiluwi, inayotengenezwa na kiwanda cha Kibaha. Oili chafu ya magari, ambayo bado naiona ikimwagwa, naikataa kabisa, kwa kuwa huzama ardhini na visima vyetu vingi ni vifupi.

Vifuu vya madafu, matairi na ndoo zenye maji safi ni makazi ya aedesi, mbu wa mchana anayeeneza dengi. Kwa kuwa yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi, maji hayo yamwagwe kila wiki bila kukosa.

Wanaobaki, kwa maana mbu wa jirani nao huruka ukuta, wazuiwe kwa feni. Mbu ni mrukaji dhaifu, na upepo hutawanya pumzi na harufu ya mwili anazozifuata. Feni iwekwe chini, ipulize usawa wa mkeka, kwa sababu mbu wengi wa nje hushambulia nyayo na vifundo vya miguu. Umeme ukikatika, dawa ya kupaka yenye DEET, kemikali ya kufukuza mbu, hufaa, ikipakwa kwenye ngozi iliyo wazi tu, na mtoto apakwe na mtu mzima, wala asipakwe viganjani. Mtoto akipitiwa na usingizi pale mkekani, abebwe mapema akalazwe ndani ya chandarua chenye dawa, kwani anofelesi wa malaria huendelea kung'ata hadi alfajiri.