Mwajuma hakuja kunywa chai

Kijana akiniletea skripti yake ya kwanza, iwe ya jukwaani au ya filamu, siianzi mwanzo. Naifungua katikati, nachukua kalamu, napigia mstari kila mahali mhusika anapotaja hisia zake mwenyewe: nimekasirika, naona wivu, nina huzuni, nakupenda kupita kiasi. Mara nyingi ukurasa unajaa. Hapo najua tutaanzia wapi.

Nianze na neno tamthilia kabla hatujachanganyana. Kwa mwanafunzi wa sekondari Kenya, tamthilia ni mchezo wa kuigiza uliochapishwa kitabuni. Kwa mtu wa Dar es Salaam anayewahi nyumbani saa tatu usiku, tamthilia ni ile inayorushwa kwenye televisheni kila siku. Wote wako sahihi, na ninayoyasema hapa yanawahusu wote, kwa sababu ugonjwa ni mmoja: mhusika kujitangazia hisia zake.

Chukua mfano huu niliotunga kwa ajili ya darasa. Mwajuma amemkopesha jirani yake Tatu shilingi elfu themanini. Waliahidiana wiki mbili, sasa ni mwezi wa tatu. Wanafunzi wengi wakipewa kisa hiki huandika hivi:

MWAJUMA: Tatu, nimekuja kudai shilingi elfu themanini nilizokukopesha. Nimekasirika sana kwa sababu wewe ni rafiki yangu na umevunja ahadi.
TATU: Nisamehe Mwajuma. Naona aibu. Mume wangu ameondoka tena na ameniacha bila hela.
MWAJUMA: Basi nakuonea huruma. Nitasubiri.

Kila kitu kimo: deni, aibu, huruma, hata suluhu. Lakini mpe mwigizaji mistari hiyo umuangalie. Hana la kufanya. Atakunja uso kwenye "nimekasirika," atainamisha kichwa kwenye "naona aibu," basi. Na mtazamaji naye hana kazi, ameshatafuniwa.

Sasa jiulize: kwetu nani anadai deni hivyo? Unaanza na hodi. Unauliza hali, watoto, wagonjwa, joto. Unakataa kiti, halafu unakaa. Deni lenyewe linatajwa ukiwa umeshasimama kuondoka, tena kwa kuzunguka: "Halafu lile jambo letu..." Na kuna wengine hawalitaji kabisa. Wanavaa kanga yenye maneno ya kumfikia anayedaiwa, wanapita nayo mbele ya mlango wake mara mbili asubuhi. Tumelelewa katika mafumbo na vijembe, tunajua tangu utotoni kwamba "karibu chakula" ya nyumba fulani maana yake ni "umekuja saa mbaya." Inaniuma kuona tunashika kalamu tu, utajiri wote huo tunauweka pembeni, tunaandika kana kwamba wahusika wetu wanatoa maelezo polisi.

Tuandike upya onyesho lile.

MWAJUMA: (mlangoni) Hodi hapa.
TATU: Karibu, shoga. Pita ndani.
MWAJUMA: Sikai. Nilikuwa napita tu.
TATU: Hata chai?
MWAJUMA: Chai ya nini, na sukari ilivyopanda. (Anatazama dirishani.) Pazia jipya.
TATU: La siku zote. Nimelifua.
MWAJUMA: Limetakata.
(Kimya. Tatu anafungua kopo la sukari. Kijiko kinakwangua chini ya kopo.)
TATU: Baba Shabani amesafiri.
MWAJUMA: Tena?
TATU: Tena.
(Mwajuma anavua kandambili. Anakaa mkekani.)
MWAJUMA: Basi nimiminie hiyo chai. Mimi usinitilie sukari.

Neno deni halimo. Wala hasira, wala huruma. Lakini aliyesema "sikai" amekaa, na aliyeikejeli sukari ndiye anayeikataa ili mwenzake asiaibike. Hicho ndicho ninachokitafuta katika kila onyesho: kitu kimegeuka kati ya mstari wa kwanza na wa mwisho, na tumekiona kikigeuka. Kama wahusika wanatoka kama walivyoingia, onyesho hilo lifute, hata kama lina maneno mazuri. Hasa kama lina maneno mazuri.

Ili kitu kigeuke, lazima kwanza mtu awe anataka jambo. Na alitakalo liwe la kushikika. Wanafunzi huniandikia kwamba mhusika "anatafuta haki" au "anatafuta utambulisho wake." Haki haiigiziki. Elfu themanini inaigizika. Mwajuma anazitaka hela zake. Tatu anataka jambo dogo zaidi lakini gumu: Mwajuma aondoke bila neno deni kutamkwa ndani ya nyumba ile. Matakwa hayo mawili hayawezi kukaa chumba kimoja, na hapo ndipo mchezo unapotokea. Hukuhitaji bastola, wala ajali, wala mgonjwa wa kuanguka ghafla.

Nguvu ya kutosema unaiona hata kwenye michezo yetu mikubwa. Ebrahim Hussein alipochapisha Kinjeketile mwaka 1969, alikuwa na vita vizima vya Maji Maji vya kuweka jukwaani, vita vya mwaka 1905 hadi 1907 dhidi ya Wajerumani, ambavyo wapiganaji waliingia wakiamini maji ya dawa yatawakinga na risasi. Mwandishi mwingine angemalizia na mapigano. Yeye anatufikisha kwenye kifungo, kwa Kinjeketile, mtu aliyeyatoa maji hayo, akiwa amefungwa na kuteswa, na jambo moja analodaiwa: akiri kwamba maji yalikuwa uongo. Yeye mwenyewe ameshayatilia shaka maji yale. Kusema ni rahisi, na mwenzake anamsihi aseme ajipunguzie mateso. Hasemi, kwa sababu anajua wajukuu watakuja kuambiwa kwamba hata kupigana kwenyewe kulikuwa kosa. Uzito wote wa mchezo umewekwa juu ya sentensi ambayo mtu anakataa kuitamka. Nikiwa na darasa jipya tunausoma mwisho huo kwa sauti, polepole, kabla sijafundisha lolote.

Mimi mwenyewe somo hili nilipewa na mwigizaji. Katika mchezo wangu wa kwanza nilimwandikia mama aliyefiwa na mwanawe ukurasa mzima na nusu wa kulia na kusema. Niliupenda ukurasa ule. Kwenye mazoezi, mama aliyeigiza nafasi hiyo aliusema mara tatu, akanyamaza, akaniuliza kwa adabu kama anaweza kujaribu kukunja nguo za marehemu tu. Akakunja shati, akakunja la pili, suruali ya shule, akafika kwenye soksi. Ilikuwa moja. Akaanza kutafuta mwenzake, chini ya kitanda, ndani ya mto, mifukoni. Watu wote ukumbini tulikuwa tumeacha shughuli zetu. Nilifuta ukurasa wote pale pale, na tangu siku hiyo, kila nikiandika hotuba ndefu, najiuliza kwanza mikono ya huyu mtu inafanya nini.

Lugha yetu ina silaha nyingine: namna ya kuamkia na kuitana. Shikamoo moja iliyokosekana inabeba kurasa tano. Kijana aliyepata cheo anampita mlinzi mwenye mvi getini na kumwambia "Mambo vipi, mzee," na hakuna haja tena ya kumweleza mtazamaji kwamba cheo kimemlevya. Binti aliyezoea kuitika "abee" siku akiitika "unasemaje?" nyumba nzima inageuka kumtazama. Na Tatu huyu, ambaye kwa adabu anamtaja mumewe kama Baba Shabani, siku atakayomtaja kwa jina lake mbele ya Mwajuma, tujue ndoa imekwisha, talaka ni karatasi tu. Lakini silaha hii inafanya kazi kama umeitunza. Mwandishi anayewafanya wahusika waitane majina kila mstari ("Tatu, unajua..." "Ndiyo, Mwajuma, lakini...") ameshaitumia yote bure.

Vivyo hivyo lafudhi. Skripti nyingi ninazosoma zina mzee wa Mombasa, konda wa daladala na mwanasheria, wote wakizungumza Kiswahili cha taarifa ya habari. Mzee wa Mombasa anauliza "wenda wapi?" na konda anauliza "unashuka wapi?" hata kama wanataka kujua jambo lile lile. Usibuni mambo haya mezani. Kaa msibani, panga foleni ya maji, panda gari la abiria bila kuziba masikio, sikiliza watu wanavyokatizana na wanavyoliacha neno njiani.

Sasa, jukwaa au kamera? Onyesho la Mwajuma lilivyo hapo juu ni la jukwaani. Mtazamaji wa safu ya ishirini haoni kama pazia ni jipya au limefuliwa, kwa hiyo Mwajuma lazima alitaje. Kijiko kinachokwangua kopo nilikichagua kwa sababu sauti inafika safu ya mwisho. Nikiliandikia filamu, mistari mingi inaondoka. Kamera italiangalia pazia, kisha itamwangalia Mwajuma akiliangalia, basi, mtazamaji ameshaelewa kwamba anapiga hesabu. "Baba Shabani amesafiri" nayo naikata. Badala yake, Mwajuma anapovua kandambili mlangoni, tunaona viatu vilivyopangwa pale: vya Tatu, vya mtoto, na nafasi iliyo wazi ambapo hapo zamani kilikaa kiatu kikubwa. Jukwaani ningehitaji dakika tatu za maneno. Kwenye filamu ni sekunde nne.

Kuna sheria moja ya filamu isiyosameheka: andika kinachoonekana na kinachosikika tu. "Tatu anakumbuka siku alipoolewa" haiwezi kupigwa picha. Mpiga picha atakuuliza aiweke wapi kamera, nawe utakosa jibu. "Tatu anashika pete, anaizungusha, inatoka bila shida kwa alivyokonda" inapigika. Maelekezo yote yawe ya wakati uliopo, anaingia, anashika, anageuka, hata kama kisa ni cha mwaka 1905.

Kuhusu mpangilio wa ukurasa nitasema kidogo, kwa sababu programu za kompyuta siku hizi zinakupangia zenyewe. Kila onyesho la filamu linafunguliwa na kichwa kama NDANI. CHUMBA CHA TATU. JIONI. Herufi ni Courier saizi 12, na ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya filamu, ndiyo maana filamu ya dakika 90 huwa na kurasa 90 hivi. Kumbuka tu kwamba mtayarishaji anahesabu vichwa hivyo. Kila mahali papya ni kuhamisha taa, jenereta na watu, na kuwalisha. Anayeanza aandike vyumba viwili, asikimbilie uwanja wa ndege. Jukwaani hesabu ni nyingine: watu. Mchezo wenye wahusika kumi na tano ni nauli za watu kumi na tano kila siku ya mazoezi. Na ukimtoa mhusika akiwa amelowa mvua, mpe muda wa kubadilisha nguo kabla hujamrudisha akiwa bwana harusi.

Ukimaliza, usiisome skripti yako mwenyewe kwa wenzako. Utaitia nguvu isiyokuwamo. Wape watu ambao hawajawahi kuiona, kila mmoja nafasi yake, wewe kaa kimya na penseli. Wanapokwama ulimi, weka alama. Wanapocheka pasipo pa kucheka, weka alama. Mahali ambapo msomaji anaongeza neno lake bila kujua, liandike, mara nyingi ni bora kuliko lako.

Na kwa anayetaka kuanza wiki hii, wachukue Tatu na Mwajuma. Mwezi mmoja umepita. Baba Shabani amerudi, na zile elfu themanini zimepatikana zote. Tatu anakwenda kulipa, na Mwajuma, kwa sababu utakayoijua wewe, hataki kulipwa. Kurasa mbili, chumba kimoja, na neno deni lisitamkwe.