Kiangazi cha Uhuru: jina lililobebwa na mwaka 1964 katika Mississippi

Kiangazi cha Uhuru ni jina la kampeni ya kuwaandikisha wapiga kura weusi iliyoendeshwa katika jimbo la Mississippi, kusini mwa Marekani, kuanzia Juni hadi Agosti 1964. Neno kiangazi lisimpotoshe msomaji. Kwetu ni majira ya ukavu, lakini huko ni miezi ya joto ambayo vyuo hufungwa, na waandaaji waliichagua kwa sababu hiyo hasa, kwani walihitaji wanafunzi wa kujitolea.

Anayetaka kuelewa kwa nini kampeni hiyo ilihitajika aanze na karani wa kaunti. Katiba ya Marekani ilikuwa imekataza tangu mwaka 1870 mtu kunyimwa kura kwa sababu ya rangi yake, kwa hiyo Mississippi ilimzuia mtu mweusi kwa utaratibu. Katiba ya jimbo ya mwaka 1890 ilifanya kodi ya kichwa na kipimo cha kusoma au kuelewa katiba kuwa masharti ya kupiga kura. Kufikia miaka ya 1960, mwombaji alitakiwa kunakili kifungu alichochaguliwa na karani, kisha aeleze maana yake kwa maandishi, na msahihishaji wa mtihani huo alikuwa karani yuleyule. Aliyethubutu kwenda aliweza kupoteza kazi na makazi kwa mpigo, kama yalivyomfika Fannie Lou Hamer mwaka 1962, alipofukuzwa kwenye shamba alikoishi na kufanya kazi kwa miaka mingi. Mwaka huohuo, weusi walioandikishwa hawakufikia asilimia 7 ya waliostahili.

Mratibu mkuu wa kampeni alikuwa Bob Moses, mwalimu wa hisabati kutoka New York, ambaye miaka michache baadaye alikuja kufundisha somo hilohilo Tanzania. Wazo la kuwaalika wanafunzi wapatao elfu moja, wengi wao weupe wa kaskazini, lilipingwa na baadhi ya wanaharakati weusi waliohofia kunyang'anywa uongozi. Hoja iliyoshinda ilikuwa chungu: taifa lisiloshtuka mtu mweusi anapouawa lingeshtuka hatari ikiwafikia watoto wa weupe.

Hoja hiyo ilithibitika mapema mno. Tarehe 21 Juni, James Chaney, kijana mweusi wa Mississippi, pamoja na Andrew Goodman na Michael Schwerner, weupe kutoka New York, walikamatwa na naibu sherifu karibu na mji wa Philadelphia, ambao si ule mkubwa wa Pennsylvania. Waliachiwa usiku, wakafuatwa na kuuawa na watu wa Ku Klux Klan, kundi la siri la weupe lililowatisha na kuwaua weusi. Miili yao ilifukuliwa kwenye tuta la bwawa tarehe 4 Agosti, baada ya msako uliofuatiliwa na nchi nzima. Katika msako huo yalipatikana mtoni mabaki ya vijana wawili weusi, Henry Dee na Charles Moore, waliotoweka tangu Mei bila taifa kushtuka.

Kwa hesabu ya daftari peke yake, kampeni ilishindwa: kati ya weusi wapatao 17,000 waliojaribu kujiandikisha, waliokubaliwa ni 1,600 hivi. Hata hivyo, zilifunguliwa shule za uhuru zaidi ya 40, na kikaundwa chama kilichoitwa Chama cha Demokrasia cha Uhuru cha Mississippi, ambacho mwezi Agosti kilipeleka wajumbe wake Atlantic City kudai viti vya ujumbe wa weupe watupu katika mkutano mkuu wa chama cha Democratic. Huko Hamer alieleza mbele ya kamera za televisheni jinsi alivyopigwa jela kwa sababu ya harakati hizo. Walipopewa viti viwili tu, walivikataa.

Sheria ya Haki ya Kupiga Kura, iliyotiwa saini tarehe 6 Agosti 1965, ilisimamisha mitihani ya aina hiyo katika Mississippi na majimbo mengine ya kusini, ikairuhusu serikali kuu kutuma maofisa wake kuandikisha wapiga kura pale ambapo karani wa kaunti aliendelea kuwakatalia.