Huzuni si jipu la kutumbua

Amekuja mteja mwingine wa kukandwa. Kabla hata hajavua viatu ananiambia anataka nimtoe talaka yake kwenye nyonga. Ameona video: mtu anabonyezwa karibu na kinena, anaangua kilio, na maandishi yanatangaza kwamba uchungu wa miaka mingi umetoka. Basi na mimi nibonyeze hapohapo.

Hapo pa kubonyeza hapapo. Nimelieleza hili kwa mdomo hadi limenichosha, sasa naliandika nipate la kumtumia mtu.

Msuli unaosingiziwa kuliko yote ni soasi. Unaanzia pembeni mwa pingili za kiuno, unapita nyuma ya matumbo na kushikana na mfupa wa paja kwa ndani. Kazi yake kubwa ni kukunja nyonga. Mtu akishtuka hujikunja, na akiishi na hofu muda mrefu mwili wake huzoea kukaa nusu umejikunja. Hapo sina ubishi. Ubishi wangu ni pale watu wanapotoka kwenye "hofu hukaza msuli" wakaruka hadi "msuli umeitunza hofu". Msuli hautunzi kisa. Unakaza kwa sababu neva inauagiza ukaze. Neva hiyo ikikatika, msuli unalegea kabisa, awe mwenyewe ana furaha au amefiwa jana. Anayekumbuka ni ubongo, na ndio unaoendelea kutoa amri.

Wazo lenyewe lina ukoo. Katika miaka ya 1930 Wilhelm Reich, aliyetoka kwenye kundi la Freud, mwasisi wa uchambuzi wa nafsi, huko Vienna, alifundisha kwamba mtu hujivika deraya ya misuli ili asihisi yale asiyoweza kuyavumilia. Simcheki. Alitazama miili ya wagonjwa wakati wenzake wakisikiliza maneno tu. Waliomfuata ndio walioigeuza deraya kuwa sanduku, kisha wakaanza kuuza ufunguo.

Na fashia, ule utando unaofunika misuli, ambao nao husemwa unaweka uchungu hadi uulegeze kwa mikono? Mwaka 2008 Chaudhry na wenzake walipiga hesabu wakaona kwamba kuubana utando mgumu wa paja au wa unyayo, hata kwa asilimia 1 tu, kunadai nguvu kubwa mno isiyo ya kawaida ya mwili wa binadamu. Kwa mikono basi huulegezi. Tuendelee.

Sasa mikono inafanya nini? Kwenye ngozi yenye vinyweleo kuna nyuzi nyembamba za neva zinazopeleka habari polepole, zile za C za mguso. Mtafiti Zotterman alizirekodi kwa paka mwaka 1939. Zinachangamka zaidi kwa mpapaso wa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde, wenye joto la ngozi. Hazina ustadi wa kueleza umeguswa wapi hasa. Mwaka 2002 Olausson na wenzake walieleza habari za mgonjwa aliyepoteza nyuzi zake kubwa za mguso akabaki na hizi nyembamba: alipopapaswa kwa brashi laini alihisi kitu hafifu lakini cha kupendeza, na vipimo vikaonyesha kwamba insula ndiyo iliyoitikia, ile sehemu ya ubongo inayofuatilia hali ya mwili kwa ndani. Kwa hiyo mtu akinisisitizia "bonyeza zaidi, nataka nihisi inatoka", anaomba kinyume cha anachohitaji. Anayemfinya mwenye huzuni mpaka akunje uso anampa maumivu mapya juu ya yale aliyokuja nayo.

Kortisoli, ile homoni ya msongo ambayo eti masaji huishusha, msinitajie. Mwaka 2004 Moyer na wenzake walijumlisha tafiti 37 za masaji. Kikao kimoja hupunguza wasiwasi wa wakati ule. Vikao kadhaa hupunguza wasiwasi wa kudumu na sonona kwa kiasi kinachokaribiana na cha tiba ya mazungumzo. Ni matokeo makubwa, na sisi wenyewe hatuyatangazi ipasavyo. Lakini kortisoli haikushuka kwa kiwango cha maana, na mwaka 2011 Moyer aliporudi kuichunguza peke yake hali ikawa ileile. Hata hivyo bado inaandikwa kwenye vipeperushi, pengine kwa sababu homoni inasikika kisayansi kuliko kusema "utajisikia vizuri".

Kuna jambo linanisumbua kuhusu matokeo hayo mazuri. Huwezi kumficha mtu kama amekandwa au hajakandwa, kwa hiyo matumaini yake yanaingia ndani ya kipimo. Tena mteja wangu analala saa nzima bila simu, chumbani kuna joto, na kuna mtu anayemshughulikia yeye tu bila kumdai chochote, hata mazungumzo. Ni kiasi gani cha nafuu hiyo kinatokana na mikono? Siku nyingine nasema nusu. Siku nyingine nashuku mikono ni kisingizio tu, kinachomruhusu mtu mzima kulala mchana bila kuitwa mvivu. Na wapo wanaorudi wamebadilika, wamenyooka hata sauti, na sababu siijui, japo naweza kutunga maelezo matano ya kuvutia.

Sasa machozi, maana ndiyo yaliyonifanya niandike. Watu hulia kitandani, ndiyo. Mara nyingi hutokea pumzi inapotulia, au mkono unapofika mahali ambapo hawajaguswa kwa upole kwa muda mrefu. Wengine hulia kwa maumivu. Wengine kwa hofu. Kwa nje yote ni machozi, na kuyahesabu kama ushahidi kwamba tiba imefanya kazi ni upuuzi wenye hatari. Mkandaji aliyeaminishwa kwamba kilio ni ushindi, akiona jicho limelowa huongeza nguvu. Anafukuzia.

Sasa mweke chini ya mkono huo mtu aliyewahi kushambuliwa. Mwili ulioshindwa kukimbia huganda, na mgando huo ukiutazama kwa haraka unafanana na utulivu: hasogei, halalamiki, ukimuuliza anajibu "niko sawa". Tazama pumzi, utaona imebanwa juu kifuani. Shika kiganja, kimepoa. Sauti haina rangi, na macho yamekazia sehemu moja ya dari. Huyo hajapumzika. Ameondoka akakuachia mwili, na wewe unaendelea kupaka mafuta huku ukijisifu.

Ndiyo maana siulizi "uko sawa?". Swali hilo lina jibu moja, na kila mtu aliyelelewa kwa adabu analijua. Nasimamisha mkono palepale, bila kuuondoa ghafla, nauliza: nibaki hapa, nihamie miguuni, au niache? Kisha nafanya lilelile nililoambiwa, bila kuhoji sababu. Tumeshakubaliana kabla kipi kinafunikwa, alale kifudifudi au chali, mlango uwe vipi, na kwamba akiinua mkono tu naacha. Kwa mtu ambaye mwili wake ulichukuliwa bila kuulizwa, naamini kule kuulizwa na kutiiwa kunafanya kazi kubwa kuliko ufundi wangu wote wa kuchua. Sina grafu ya kuwaonyesha.

Akilia, namfunika vizuri, nampa kitambaa, nakaa kimya. Simwambii bega la kushoto ni mama yake. (Wapo wanaosema hivyo, na la kulia wamempa baba. Sijui wajomba wanakaa wapi.) Mimi si mshauri nasaha. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 kuhusu msongo wa baada ya kiwewe unapendekeza tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe, na ile ya mwendo wa macho iitwayo EMDR. Kukandwa nakuweka kando ya tiba hizo, si badala yake. Kunaweza kumsaidia mtu apate usingizi, au ajizoeze tena kuhisi mwili wake bila kutishika, na hilo humpa nguvu ya kwenda kuongea na anayepaswa kuongea naye.

Ukianza kupata picha za tukio au kukosa usingizi baada ya kukandwa, mwambie mtaalamu wako, nami uniambie. Kikao kinachofuata kitakuwa kifupi, nguo zikiwa mwilini, mikono na nyayo tu. Na ukikutana na anayekuahidi kwamba kwake lazima utalia, muulize atafanya nini ukianza kulia na hutaki aendelee. Akianza kukueleza kwamba hiyo ndiyo dalili uchungu unatoka, vaa viatu vyako.