Kizuizi si kifungo

Kila kijana wetu anaposhikwa Uingereza akisubiri kurudishwa, simu kutoka nyumbani huwa na swali lilelile: "Kafungwa miaka mingapi?" Juzi ameniuliza shangazi yangu wa Tanga, na safari hii nimeona niandike.

Kizuizi cha uhamiaji ni kumshikilia mgeni ili siku ya kusafirishwa apatikane. Basi.

Kifungo hutoka mahakamani, kwa mtu aliyepatikana na hatia. Kizuizi hukiandika ofisa wa uhamiaji. Si adhabu, na Uingereza, kwa kawaida, sheria haikukiwekea kikomo cha siku. Kiswahili kinayajua haya zamani, ndiyo maana tuna mfungwa na tuna mahabusu. Mahabusu ni mahbus ya Kiarabu, aliyezuiwa, kutoka habasa, kuzuia. Kwa mzizi huohuo watu wa Moroko huita mali ya wakfu habous: shamba limezuiwa lisiuzwe. Shamba halikukosa chochote. Limezuiwa kwa ajili ya jambo fulani.

Na hilo "kwa ajili ya" ndilo linalobeba uhalali wa kizuizi. Mwaka 1983 Jaji Woolf alisikiliza shauri la Hardial Singh, Mhindi aliyemaliza kifungo chake cha wizi lakini akabaki gereza la Durham miezi karibu mitano zaidi, kwa sababu hati za kumrudisha India hazijapatikana. Jaji alisema mamlaka ya kumzuia mtu ni kwa ajili ya kumsafirisha tu, kwa muda wa kadiri, na serikali ihangaike kweli kweli kumsafirisha. Ikionekana safari haiwezekani ndani ya muda huo, aachiwe.

Kwa hiyo linaniudhi zaidi lile la "hana makaratasi, acha akae." Kukosa makaratasi kunaweza kufungua mlango wa kizuizi, hakukihalalishi milele. Hata amri ya kufukuzwa haitoshi. Mwaka 2011 Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema raia mmoja wa Kongo alizuiliwa kinyume cha sheria, maana maofisa walifuata sera ya siri iliyopingana na ile waliyoitangaza. Fidia ilikuwa pauni 1, kwa kuwa angezuiliwa vyovyote vile. Lakini kosa lilitamkwa kuwa kosa.

Shangazi, ukipiga tena usiulize kafungwa miaka mingapi. Uliza kama ubalozi umeshatoa hati ya safari, na ikiwa bado, kama wakili wake anajua ni mwezi wa ngapi huu tangu azuiliwe.